Gitaa Lisilochomekwa Ukutani

Naogopa umeme. Nasema mapema ili msomaji asinione mwerevu kabla ya wakati. Hapa nyumbani kwangu Njombe taa zipo, soketi zipo, na mita ya luku ipo pale juu ya mlango ikilia kila uniti zinapokaribia kuisha, lakini mimi nikitaka kuwasha taa navaa kwanza ndala. Pasi yangu ni ya mkaa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na wateja wanaoniletea vitambaa vya sare huniambia kwamba mafundi wenzangu wenye mashine za umeme wanamaliza kazi upesi. Nawajibu waende kwao. Wanacheka, wanazunguka soko zima, kisha wanarudi.

Binti yangu hunitania tangu akiwa mdogo. "Mama, umeme hauna chuki na wewe," huniambia. Mimi humjibu kwamba hata chui hana chuki na mbuzi. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mrefu kuliko mimi, mwepesi wa kucheka, na hana hofu hata kidogo, jambo ambalo kwa miaka mingi ndilo lililonikosesha usingizi. Mtoto asiye na hofu humwachia mama yake hofu zote azibebe peke yake.

Hofu yangu ina kisa, na kisa chenyewe ni gitaa.

Nilikulia kijiji cha upande wa kwenda Makete, ambako asubuhi za mwezi wa saba nyasi huwa nyeupe kwa baridi na watu huota moto mpaka jua lipande. Kanisa la misheni lilikuwa kubwa kuliko kijiji. Kwaya ilikuwa kubwa pia, wanawake wenye vifua vya kubebea kuni na wanaume wa kupasua mbao, na tulipoimba sote madirisha yalitetemeka. Katikati ya kelele hiyo alisimama kaka yangu na gitaa la kawaida, la mbao tupu, ambalo nyuzi zake mbili alizitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Hakuna aliyemsikia. Nilikuwa nikimwangalia mkono wake ukienda juu na chini, nikajua kwamba anapiga, basi.

Ilimuudhi sana. Kaka yangu alikuwa mtu wa kununa. Akinuna anakaa kimya siku nzima na kuchonga kijiti mpaka kiishe. Siku moja alichukua redio ya baba iliyokuwa imevunjika kasha, akaikagua mgongoni, akaona lile tundu ambalo zamani watu walichomekea waya wa santuri. Aliwaza, kama santuri inaweza kuimbia humu, kwa nini gitaa lisiimbie humu? Akaomba kwa mapadri mkono wa simu ya mezani uliokuwa umetupwa, akatoa kile kidude cha kusikilizia, akakifunga chini ya nyuzi kwa mpira wa tyubu. Spika aliitia ndani ya sanduku la mbao lililokuja na sabuni. Betri zilikuwa zile kubwa, na zilipochoka tuliamka mapema kuzianika juu ya bati, au tuliziweka karibu na jiko zipate joto, maana baridi ya kwetu inaua betri kabla hazijafanya kazi.

Sauti iliyotoka ilikuwa na mkwaruzo, kama ya mtu mwenye mafua. Hatukujali. Tulimsikia! Bibi mmoja wa kwaya aliacha kuimba akaketi kabisa, akasema hakujua kama kijana huyu ana maneno mengi hivyo. Tangu hapo sanduku la sabuni lilikwenda kila mahali kwaya ilipokwenda. Lilikwenda misibani juu kabisa milimani ambako hata barabara haifiki, likawekwa kwenye udongo mpya kando ya kaburi, na gitaa likaimba bila jenereta kumngurumia marehemu masikioni. Lilibebwa kichwani, kwa zamu, na mimi zamu yangu sikumpa mtu.

Miaka mingi baadaye binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba hata huko ng'ambo mambo yalianza vilevile. Wapiga gitaa walikuwa wakifunikwa na tarumbeta na ngoma, wakanuna kama kaka yangu, na watu wakaanza kuwatengenezea masanduku yenye valvu za kioo, ndugu kabisa wa redio, yenye mshikio juu kama sanduku la safari. Zilipokuja transista, sanduku likasinyaa. Likazidi kusinyaa mpaka mtu akaweza kulitia mfukoni pamoja na leso. Nilimuuliza kwa nini bado wanatengeneza visanduku vidogo wakati wana makubwa ya kutikisa uwanja. Alisema hajui, labda kwa sababu watu wanavipenda. Mimi nadhani najua. Gitaa mara nyingi halipigwi mbele ya watu elfu. Linapigwa jikoni, kitandani kwa mgonjwa, kaburini, kibarazani mvua ikinyesha, na mahali kama hapo mtu anahitaji sauti ya kumfikia aliyeketi karibu yake tu.

Na kitu kidogo chenye betri hakijaua mtu. Hilo halikuandikwa kwenye simu, naliongeza mimi.

Kaka yangu alikufa Makambako, kwenye harusi. Kwaya ilialikwa, na wenye harusi walikuwa wamekodi mziki mkubwa kutoka mjini. Sanduku la sabuni liliachwa nyumbani siku ile. Walisema ni la kishamba, na yeye mwenyewe aliona hivyo, kwa sababu alikuwa kijana na alikuwa amenunuliwa shati jipya. Walimpa gitaa la kuchomekwa kwenye mashine moja, na maikrofoni ya kuimbia ilikuwa imechomekwa kwenye mashine nyingine. Alipiga vizuri. Kisha akasogea mbele ili aimbe, vidole vikiwa kwenye nyuzi, na midomo yake ikagusa maikrofoni.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Yeye alikuwa bado amesimama, macho wazi, na sisi tulidhani amesahau maneno, tukamwimbia ili akumbuke. Halafu akaanguka na gitaa lake. Mafundi walieleza baadaye kwamba mashine moja ilikuwa inavuja umeme, na yeye akawa daraja kati ya mashine hizo mbili. Baba hakuuliza zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyeuliza, na kila jibu nililopewa lilinitia hofu mpya.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, akiwa kidato cha pili, kwamba anataka kujifunza gitaa, nilikataa. Nilikataa kwa ukali. Yeye akaenda kujifunza kwa masista. Mtoto akililia wembe mpe, husema watu, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuosha maiti ya kaka yao. Baada ya mwaka wa kugombana nilikubali kwa sharti moja, nikamwapisha mbele ya picha ya Bikira Maria: gitaa lako halitachomekwa ukutani kamwe, si kwangu, si kanisani, si kwa mtu. Betri tu. Aliapa huku akicheka.

Alitimiza. Mshahara wake wa kwanza wa chekechea alinunulia amplifaya ndogo, nusu ya mkate kwa ukubwa, yenye kishikizo cha kuning'iniza kwenye mkanda. Huichaji mchana nikiwa sokoni, kwa kunionea huruma, halafu jioni nikimenya viazi yeye huketi kwenye kigoda na kupiga taratibu. Kwaya yetu ilipokwenda kuzika huko Iwawa, baridi ikawa inakata masikio, niliona ameitia amplifaya ndani ya sweta yake ili betri isife, akatoa waya shingoni, na sauti ikatoka kifuani mwake. Watu wa msiba walisogea wakamzunguka. Siku hiyo, nakiri, nilijivuna, na kwa muda niliacha kuogopa.

Kisha ukaja mwaliko wa Makambako.

Parokia moja ya huko ilikuwa na misa kubwa ya shukrani ya mavuno, na kwaya kadhaa zilialikwa. Kwaya yetu ina desturi yake siku ya mavuno: wimbo wa kupeleka matoleo tunauimba miguu mitupu. Mwanzilishi wa kwaya, mzee ambaye sasa ni marehemu, alituuliza zamani kama mtu anaweza kuushukuru udongo uliomlisha huku ameukanyaga kwa viatu. Tukavua. Tangu wakati huo, hata kuwe na baridi ya namna gani, tunavua, na viatu vyetu hubaki vimejipanga ukutani.

Mwalimu wa kwaya alikuja kwangu kuchukua sare, akakaa, akanywa chai yangu, ndipo akasema alilolijia.

"Mama, kule ni uwanjani. Watu wengi. Mwenyeji ana mziki mkubwa na gitaa zuri limeshafungwa. Kale kakopo ka binti yetu kule hakatasikika hata na aliyekashika."

"Kakopo hako kana jina," nilimwambia.

"Sawa, mama. Lakini hakatasikika."

Nilimkumbusha sharti. Alilijua, kijiji na mji mzima wanalijua. Alimtazama binti yangu, na binti yangu akaweka chini kikombe.

"Mama, mimi ni mtu mzima," alisema. "Mjomba alikufa kwa sababu ya mashine mbovu. Mashine si zote mbovu. Watu wanapiga kila Jumapili, nchi nzima."

"Na mjomba wako alikuwa amepiga Jumapili ngapi?"

"Mama."

Alisema "mama" hiyo taratibu, kama anavyowaambia watoto wa chekechea wasile chaki. Ilinichoma. Nikaona kwamba nikikataa tena atakwenda hivyohivyo, na atakwenda bila kuniaga. Nilisema tu kwamba na mimi nitakuwapo, kwenye mstari wangu wa sauti ya pili, na asiye na haya anikataze.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kule kwenye basi la kwaya walinicheka njia nzima, nami nikawaacha, maana kicheko nakimudu.

Makambako ni mji wa upepo. Unateremka tu na sketi yako inataka kukuacha. Malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara kuu, vumbi likiruka juu ya mabati, na uwanja wa kanisa ulikuwa mkavu kiasi kwamba altare iliyowekwa chini ya turubai ilibidi ifutwe kila mara. Ili kutuliza vumbi, vijana wa parokia walikuwa wanamwaga maji. Walibeba madumu kutoka bombani, wakamwaga mbele ya altare, pale hasa ambapo kwaya zingesimama, mpaka udongo ukawa mweusi na vidimbwi vikatokea. Kila mtu aliwasifu. Hata mimi nilisema ahsanteni, wanangu.

Waya ulitoka dirishani mwa ofisi ya parokia, ukashuka ukutani, ukapita chini ya benchi, ukaungwa na mwingine kwa utepe mweusi wa gundi, ukapita kwenye majani, ukafika kwenye mashine. Niliufuata kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Gitaa la wenyeji, jekundu, zuri kwa kweli, lilikuwa limeegemezwa kwenye stendi yake, tayari limechomekwa, na taa ndogo ya mashine ilikuwa inawaka.

Nilimwendea fundi mziki. Kijana wa adabu, wa umri wa binti yangu, ametota mikono kwa sababu na yeye alikuwa akisaidia kumwaga maji.

"Kamwene," nilimsalimu, kwa kuwa sura yake ilikuwa ya kwetu.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, hili gitaa umelipima?"

Hakunicheka. Nilimpenda kwa hilo. "Nimelipima, mama. Tazama." Akaweka kiganja chake chote juu ya nyuzi, akakiacha hapo, akanitazama usoni. "Kimya kabisa. Usiwe na wasiwasi."

Nilishukuru, nikarudi kwenye benchi letu. Misa ikaanza. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa moja tu, na haikuwa ya mavuno. Kulikuwa na jambo lililoniwasha kichwani na sikulijua ni nini. Nilimwona fundi akipita mbele kurekebisha maikrofoni, akirudi, akisimama kando na mikono nyuma. Mahubiri yalikuwa marefu. Niliona kila kitu kilichokuwa chekundu, kila kitu kilichokuwa na waya, na sikuona nilichokuwa natafuta.

Matoleo yalipofika, mwalimu wa kwaya alitupa ishara, tukavua viatu. Tulivipanga kwenye ukuta wa ofisi. Tukatembea kwenda mbele, na mguu wangu wa kwanza ulipoingia kwenye udongo ule uliolowa, baridi yake ikanipanda mpaka gotini.

Hapo ndipo nilipojua. Fundi alikuwa amevaa gambuti.

Alikuwa amemwaga maji asubuhi nzima na gambuti zake za mpira, nyeusi, zimefika chini ya magoti. Aliweka kiganja kwenye nyuzi akiwa amesimama juu ya mpira. Nyuzi zilikuwa kimya kwake. Binti yangu angezigusa akiwa miguu mitupu ndani ya maji. Mimi sijui umeme. Sikusoma. Lakini nimeishi na hofu yake miaka mingi, nikavaa ndala kila nilipowasha taa, na hofu imenifundisha kuangalia miguu ya watu.

Wimbo wetu huanza na gitaa peke yake. Kwaya yote husimama kimya na mpiga gitaa hutangulia. Nilimwona binti yangu ametoka mstarini, mgongo wake umenyooka, nyayo zake zinaacha alama kwenye tope, anakwenda kwenye lile gitaa jekundu.

Nilitoka kwenye mstari wa sauti ya pili. Sikukimbia, mama mtu mzima akikimbia mbele ya altare watu husema amepagawa, watamshika, na mimi sikutaka kushikwa. Nilitembea upesi. Nilimfikia akiwa ameshanyoosha mkono, nikamwambia kwa Kibena asiguse. Nikapita kati yake na stendi.

"Mama, rudi kwenye mstari," alisema kwa sauti ya chini, akiwa amekaza meno.

"Subiri."

"Unanitia aibu kwenye parokia ya watu. Tafadhali."

Watu walikuwa wanatazama. Padri alikuwa anatazama. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameanza kuja, mkono umeinuliwa. Ningeweza kueleza, lakini mambo ya gambuti huelezi kwa dakika moja mbele ya altare, na binti yangu hakuwa mtu wa kunisubiri nimalize. Angenisogeza kwa upole, kama wanavyosogezwa wazee, na angeshika lile gitaa.

Mafundi wa mtaani kwetu hugusa kwa mgongo wa kiganja. Wanasema umeme hukunja vidole. Ukigusa kwa ndani utashika na hutaachia. Niliugeuza mkono wangu. Nawaambieni ukweli, niliogopa nitajiaibisha kwa namna nyingine kabisa. Nikazigusa nyuzi.

Sikusikia maumivu. Mkono wangu haukuwa wangu tena. Kitu kilinipiga toka ndani, begani, kifuani, kwenye fizi, na nilitaka kupiga kelele nikakuta sina mdomo. Halafu nikawa chali kwenye tope, natazama turubai likipigwa na upepo, na stendi imeanguka kando na gitaa lake.

Nilimsikia binti yangu kabla sijamwona. Alikuwa akiita "Mama! Mama!" kwa sauti ya utoto, ile niliyokuwa sijaisikia tangu alipoanza shule. Alipiga magoti. Alitaka kunishika, akaogopa kunishika, mikono yake ikabaki hewani juu yangu. Fundi alikuwa ameshakimbilia dirishani na kuchomoa waya. Aliporudi alikuwa akilia waziwazi, akiitazama miguu yake, na nadhani aliyaelewa yote bila kuambiwa. Sikumlaumu. Alipima kama wanavyopima wenzake wote, na ni mwaka gani mwingine angekutana na kwaya ya watu wanaovua viatu?

Waliniinua wakanikalisha kwenye benchi la wazee. Mtu alinipa maji, nikayamwaga yote kifuani. Mwalimu wa kwaya alisema, kwa sauti iliyopasuka, kwamba tutaimba bila gitaa. Binti yangu alikuwa amesimama akinitazama. Kisha akaenda kwenye mfuko wake, akatoa gitaa lake mwenyewe, akafunga ile amplifaya ndogo kwenye mkanda juu ya sare niliyomshonea, akachomeka waya. Vidole vyake vilikosea noti za kwanza. Akaanza upya.

Mwalimu alikuwa amesema kweli, haikusikika mbali. Ilifika benchi la tatu, labda la nne, na upepo ukachukua iliyobaki. Lakini watu wa nyuma waliinuka. Walikuja na vikapu vyao vya mahindi na maharage, wakasogea, wakajaza nafasi zote, mpaka uwanja mzima ukawa umekusanyika kwenye kipande kidogo kuizunguka kwaya, wakinyamaza ili wasikie. Wengine walivua viatu bila kuulizwa. Niliona hayo yote kutoka kwenye benchi, moyo wangu ukidunda vibaya, na niliwaza jambo moja tu: yu hai, yu hai, yu hai.

Kwenye zahanati walisema moyo uko sawa, nimebahatika, nipumzike. Nilibaki na alama kwenye mgongo wa kiganja, ndogo, na ganzi ya kidole kimoja iliyokuja kuisha yenyewe. Njia ya kurudi Njombe hakuna aliyenicheka. Walininunulia soda na mkate kama mgonjwa. Nilikaa dirishani na binti yangu alikaa upande wangu akiwa ameushika mkono wangu mzima, ule mwingine, na hakuuachia mpaka tulipoteremka.

Miezi imepita. Nilifikiri jambo limekwisha. Nilifikiri, kwa kweli, kwamba nimeshinda: kwamba aliona kwa macho yake, na sasa sharti letu lingekuwa lake mwenyewe na si langu. Nikaanza kulala vizuri. Jirani aliniambia nimenenepa.

Wiki iliyopita tulikuwa jikoni. Nilikuwa nimebandika viazi, yeye akikata mboga. Alisema wamealikwa Lugarawa, kwaya nzima, na huko wenyeji wana mziki mkubwa.

"Utachukua kadogo kako," nilisema. Sikuuliza, nilisema.

"Nitakachukua. Lakini na mkubwa nitapiga, mama, ukiwa mzima."

"Nani atajua kama ni mzima?"

"Usiogope," alisema, na akatabasamu, tabasamu zuri la mtu aliyejiandaa kumfurahisha mama yake. "Siku hizi sipigi kabla sijapima mwenyewe."

"Unapima na nini?"

Aliweka kisu chini. Akafuta maji ya mboga kwenye kanga, akaunyoosha mkono wake mbele yangu, akaugeuza, mgongo wa kiganja juu.

"Navua viatu kwanza," alisema. "Halafu nagusa hivi. Kama ulivyofanya wewe."

Nilimuuliza kama ameshawahi kufanya hivyo. Alisema ndiyo, kila wanapoalikwa, na wasichana wengine wa kwaya amewafundisha.

Viazi vilichemka vikamwagikia moto. Sikuviepua, nilikuwa naiangalia miguu yake.